Tuonyesheni Mlango

Mwulize mtu wa Likoni njia ya kwenda uwanja wa ndege. Atakwambia vuka feri, panda matatu ya Magongo, mwambie makanga akushushe njia panda ya uwanja, tafuta tuktuk, kisha ukifika huko mbele, uliza. Mwulize wa Kisauni: vuka Daraja la Nyali, kata kisiwa kizima, toka Makupa, omba Mungu Changamwe isiwe imefungwa na malori ya makontena, kisha uliza. Na huyu wa Changamwe mwenyewe, anayelala chini ya mngurumo wa ndege, ambaye watoto wake huyatambua mashirika kwa rangi za mikia, mwulize abiria huingilia mlango gani. Atakutazama tu. Ndege anazijua, mlango haujui.

Nimechoka na hali hii, na leo sitaiandika kwa upole.

Uwanja wa Kimataifa wa Moi uko bara. Uko Port Reitz, ndani ya Changamwe, kilomita kama 10 kutoka katikati ya kisiwa. Hauko Nyali wala Diani. Majirani zake ni Magongo, Chaani, Migadini na Bokole, watu wa bandarini na viwandani, watu waliopoteza kazi pale kiwanda cha kusafisha mafuta kilipoacha kusafisha mwaka 2013. Lakini kila kitu kinachouhusu uwanja huu kimepangwa kana kwamba safari ya binadamu huanzia ndani ya ndege na kuishia hotelini. Mtu anayeanzia Bokole na kuishia Jeddah hakumo kwenye hesabu hiyo. Hajawahi kuwamo.

Labda ndivyo ulivyozaliwa. Uwanja ulijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, kwa ajili ya vita vya watu wengine. Ukaitwa Port Reitz, jina la ghuba iliyo kando yake, nayo ghuba ilipewa jina la Luteni Reitz, afisa wa majini wa Uingereza aliyeachwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824. Bwana huyo hakumaliza hata mwaka. Homa ilimmaliza kwanza. Miezi michache ya ugonjwa, na mpaka leo makanga wanalitangaza jina lake. Miaka ya mwisho ya sabini, baada ya Rais Moi kushika madaraka, uwanja ukapata jina la pili, na mara hii pia hakuulizwa mtu wa Chaani.

Halafu ikaja enzi ya ndege za kukodi. Waingereza, Wajerumani, Waswisi na Waitaliano waliteremshwa Port Reitz kwa mamia, wakapakiwa kwenye mabasi, wakapelekwa kaskazini na kusini. Hapa nataka tutazame kwa makini jambo moja ambalo wakubwa wetu hawalioni. Mgeni yule hakupotea. Hakupotea si kwa sababu alikuwa hodari wa kusoma vibao, wala si kwa sababu vibao vilikuwa vizuri. Hakupotea kwa sababu aliwekewa mtu. Akitoka tu mlangoni, kijana wa Mombasa yuko pale ameshika karatasi yenye jina lake, anamchukulia begi, anamwonyesha basi, anamwambia choo kiko wapi. Akirudi baada ya wiki mbili, mtu yule yule anamfikisha mpaka kwenye foleni inayomhusu. Basi ujuzi wa kumwongoza binadamu ndani ya uwanja wa ndege tunao. Tumekuwa nao kwa zaidi ya miaka arobaini. Tunachokataa ni kuutumia kwa watu wetu.

Na wageni wenyewe wamepungua. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, na asubuhi ile ile makombora mawili yakarushwa kuilenga ndege ya shirika la Arkia ilipokuwa ikiruka kutoka uwanja huu kwenda Tel Aviv, yakaikosa. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake wasije Mombasa, na watalii wakarudishwa kwao kwa ndege kabla ya likizo kwisha. Hoteli zikafungwa, nyingine hazikufunguliwa tena. Utalii umeinuka kwa kiasi chake, sikatai. Lakini katika miaka hiyo yote abiria mwingine alizidi kuongezeka bila kupigiwa ngoma ya chakacha mlangoni: anayekwenda Umra, mfanyabiashara wa nguo anayekimbilia Dubai, mwanafunzi, mgonjwa anayepelekwa India, na zaidi ya wote, binti anayekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wenye uwanja wamebadilikiwa na wateja, na mpango wao ni ule ule wa 1985.

Tuanze na barabara. Nairobi ukitaka kwenda Uwanja wa Jomo Kenyatta na huna pesa za teksi, unaambiwa panda 34. Unguja ukitaka kwenda Uwanja wa Abeid Amani Karume, unaambiwa panda daladala 505. Dar es Salaam, daladala za Gongo la Mboto zinapita Barabara ya Nyerere, na kondakta anatangaza uwanja wa ndege kama kituo kingine chochote. Niambieni, ndugu zangu, bibi wa Mtongwe mwenye sanduku aambiwe apande gari gani litakalomteremsha mbele ya jengo la abiria la Mombasa? Matatu inamtupa njia panda. Kuanzia hapo ni tuktuk, na bei ya tuktuk hutegemea ukubwa wa sanduku na wasiwasi ulio usoni. Akikosa tuktuk ni bodaboda, sanduku likae kwenye tangi la mafuta mbele ya dereva.

Lakini barabara zenyewe zipo, ndilo linaloniudhi. Barabara ya kuingia uwanjani imepanuliwa. Makupa tumejengewa madaraja mapya yaliyofunguliwa mwaka 2022 mahali pa tuta la zamani. Dongo Kundu, tuliyoahidiwa tangu tukiwa watoto, imekamilika kwa fedha za Wajapani, kilomita 17 na ushei, kutoka Miritini mpaka Kibundani, pamoja na daraja la Mteza lenye urefu wa karibu kilomita moja na nusu. Sasa mtalii wa Diani anatoka kitandani mpaka uwanjani bila kuiona feri. Hongera zake. Barabara ni ya wenye magari, na wenye magari wameipata. Mama wa Likoni asiye na gari bado yuko kwenye ngazi za kivuko saa kumi za alfajiri, amebeba sanduku kichwani katikati ya umati, anaomba lango lifunguliwe kabla ya ndege kumwacha. Anapanda chombo akijua yaliyotokea Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka na kuua watu 272. Hakuna mzee wa kule asiyekuwa na jina la mtu wake katika hesabu ile.

Na reli? Treni ya reli mpya, SGR, imekuwa ikiingia Miritini tangu 2017. Kati ya stesheni ile na uwanja wa ndege ni kilomita chache, vyote viko upande mmoja wa maji, vyote ni mali ya umma. Nchi nyingine zingeona aibu kuwa na stesheni na uwanja vilivyokaribiana hivyo bila basi moja la kwenda na kurudi. Sisi tulipotoa pesa za kuunganisha stesheni na kitu kingine, tulifikiria kisiwa. Mtu anayeshuka treni kutoka Voi akitaka kuwahi ndege anapewa ushauri wa kienyeji: elewana na tuktuk.

Sasa tumfikishe abiria mlangoni, maana hapo ndipo hasira yangu inapopanda.

Nenda siku ya safari za Ghuba ukasimame nje ya jengo. Utaona Nissan iliyokodiwa kutoka Kisauni, watu kumi na wanne wamejaa ndani, msafiri ni mmoja, binti yao. Mama yuko na leso mpya. Mjomba ameshika bahasha ya kaki. Shangazi, ambaye amewahi kufanya kazi Riyadh miaka minne na anajua kila kitu, ndiye anayetoa maagizo. Wadogo wanapiga picha. Dua inasomwa, mikono inashikwa, machozi yanatoka, kisha wote kumi na wanne wanaelekea mlangoni, na mlinzi anasema: anayesafiri peke yake.

Kanuni hiyo naielewa, na sitaki ifutwe. Lakini tazama inachofanya. Inamwacha nje shangazi, mtu pekee katika ukoo aliyewahi kupanda ndege, na kumwingiza ndani yule asiyejua chochote. Bahasha sasa anayo binti. Ndani yake kuna pasipoti, karatasi ya viza, tiketi, cheti cha matibabu na mkataba ambao hajausoma kwa sababu wakala alimpa jana usiku. Hajui ipi inaonyeshwa wapi. Kwa hiyo anafanya jambo ambalo nimeliona mara nyingi, na kila nikiliona moyo wangu unakatika: anampa bahasha nzima kila mtu anayeonekana amevaa sare. Mlinzi wa mlangoni anapewa bahasha. Msafishaji mwenye ufagio anapewa bahasha. Mtu asiye na sare yoyote akimwambia "lete nikusaidie, dada," naye anapewa bahasha. Ndivyo tunavyomfundisha, kabla hata hajaondoka nchini, kwamba stakabadhi zake ni za kukabidhi watu. Huko aendako kuna waajiri watakaolishukuru somo hilo.

Kisha mashine ya ukaguzi. Pini za mtandio zinalia. Bangili zinalia. Kwenye mkoba wa mkononi kuna chupa ya achari ya maembe ya bibi, na tangu 2006, baada ya njama iliyogunduliwa London, safari nyingi za kimataifa haziruhusu kimiminika cha kuzidi mililita 100 kuingia nawe ndani ya ndege. Chupa inakwenda pipani. Ingewekwa kwenye sanduku kubwa, ingefika Jeddah salama. Hakuna aliyemwambia. Ingehitajika nusu dakika na mtu mmoja mwenye ulimi wa Kiswahili kusema: mwanangu, achari weka huku.

Na wala sisemi uwanja wetu ni mgumu. Huo ndio upuuzi wenyewe! Moi si Heathrow. Una majengo mawili ya abiria, la kwanza linalojulikana kwa safari za nje na la pili kwa za ndani, na mtu anayeujua anaumaliza kwa miguu bila kutokwa na jasho. Unapita ukaguzi, unakwenda kaunta ya shirika lako, unapima sanduku, unapewa pasi ya kupandia, unapita uhamiaji kama unatoka nje ya nchi, unapita ukaguzi wa pili, unakaa karibu na geti lililoandikwa kwenye pasi yako. Nimeyaandika yote kwa sentensi moja. Kama sentensi moja inatosha, kwa nini watu wetu wanatetemeka pale kama wanaingia mahakamani?

Hata hivyo, kuna swali ambalo sentensi yangu hailijibu. Binti aliyekatiwa tiketi ya Jeddah kupitia Nairobi, ni abiria wa nje au wa ndani? Tiketi inasema Jeddah. Ndege anayoipanda inakwenda Nairobi. Aende jengo lipi? Jibu liko kwa shirika lake, na ni lazima alitafute kwa simu kabla ya siku ya safari. Wakala aliyekula pesa yake alipaswa kumwambia. Wengi hawasemi, au hawajui, maana wakala mwenyewe kazi yake huishia pale anapopokea malipo.

Akifika Nairobi mambo yanaanza upya. Jomo Kenyatta imekatwa vipande kwa herufi na namba, 1A mpaka 1E na Terminali 2 juu yake, na mara nyingi anayeteremka kwa ndege ya ndani huondokea jengo jingine. Je, sanduku lake linapelekwa lenyewe mpaka Jeddah, au alichukue Nairobi na kuliingiza upya? Inategemea kama tiketi ni moja au mbili. Binti wa Ganjoni aliyesomea ng'ambo anajua kuuliza hilo kaunta ya Mombasa. Binti wa Mishomoroni hajui kwamba swali lipo. Anaweza kukaa Nairobi saa sita akisubiri, sanduku linazunguka peke yake kwenye mkanda wa jengo jingine.

Na kwa nini apitie Nairobi? Hapa tunafika kwenye dhuluma kubwa, ile ambayo wanasiasa wetu huikumbuka kila msimu wa kura. Watu wa Pwani walifanya biashara na Bara Arabu kwa majahazi karne nyingi kabla Nairobi haijawa hata stesheni. Leo, ili mtoto wa Likoni afike ng'ambo ya bahari anayoiona kutoka dirishani, wengi bado hupandishwa kwanza kwenda nchi kavu, zaidi ya kilomita 400 upande usio wake, kisha ndipo warudishwe kuelekea baharini. Tumekuwa tukiambiwa anga ya Mombasa haiwezi kuachwa wazi kabisa kwa mashirika ya nje kwa sababu kuna shirika la taifa la kulindwa. Qatar Airways ilianza kuja Mombasa Desemba 2018. Flydubai ikaja Januari 2024. Ethiopian na Turkish tumewazoea. Mbingu haikuanguka Changamwe. Kila ndege ya moja kwa moja kwenda Ghuba ni binti mmoja zaidi ambaye hatapotea Nairobi, na kama hoja hiyo haiwagusi, basi ihesabuni kwa vibarua, wapagazi na wapishi wa Magongo watakaopata kazi.

Nawajua watakaonijibu. Wa kwanza atasema usalama. Ndugu yangu, baada ya 2002 hakuna mtu wa Port Reitz anayehitaji kufundishwa maana ya usalama. Makombora yale yalirushwa kutoka jirani na kwetu, na msako uliofuata ulipita milangoni mwetu. Abiria anayejua aendako ni salama kuliko anayezubaa katikati ya ukumbi na bahasha mkononi, anayemfuata yeyote anayemwita dada. Wa pili atasema matatu zikiingia mpaka mlangoni madereva wa teksi watakufa njaa. Madereva hao ni wa kwetu, nawaheshimu, na nawaambia kwamba mama wa Mtongwe hajawahi kuwa mteja wao. Hana nauli yao. Watalii na wenye mabegi matano wataendelea kuwa wao. Wa tatu atasema pesa hakuna.

Huyo wa tatu nina hamu naye. Kila tiketi ya safari ya ndege inayoanzia nchini ina ada ya huduma ya abiria ndani yake: dola 50 kwa safari ya nje, shilingi 600 kwa ya ndani. Haimuulizi mtu kama ni mtalii au shaghala, mfanyakazi wa nyumbani. Binti wetu amelipiwa dola 50 sawasawa na Mjerumani, na kama ni mwajiri aliyelipa, basi zitakatwa mshaharani kwa njia moja au nyingine. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma anayolipia, na inasema wazi kwamba hilo linazihusu pia taasisi za umma. Kifungu cha 7 kimeshasema Kiswahili ni lugha rasmi. Kwa hiyo tusiambiane habari za hisani. Tunadai bidhaa tuliyoinunua.

Tunataka gari la abiria lenye jina na nauli iliyobandikwa, litoke kivukoni Likoni, lipite Mwembe Tayari na Changamwe, lifike mbele ya jengo la abiria, liingie Miritini stesheni na kurudi, kuanzia alfajiri, kwa sababu ndege haziondoki saa za ofisi. Tunataka ubao pale njia panda ya Magongo unaosema kwa Kiswahili cha herufi kubwa safari za nje ni huku, za ndani ni huku, na shirika gani liko wapi wiki hii. Tunataka kila wakala wa kazi za ng'ambo alazimishwe kumkalisha binti chini, siku tatu kabla ya safari, aitoe kila karatasi kwenye bahasha na kumwonyesha inakotumika, na ile pasipoti aambiwe asimpe mtu ila wahudumu wa shirika lake la ndege na afisa aliye kwenye dirisha la uhamiaji.

Na ndani ya mlango, hatua tatu baada ya mlinzi, tunataka mtu. Vijana wa Magongo wapo pale nje tayari, kila siku, wanawaelekeza watu kwa pesa ya chai na kufukuzwa kama mbwa. Wanajua ratiba kuliko ratiba yenyewe. Wachukueni wanne, wachunguzeni mpendavyo, wapeni vitambulisho na sare, wakae zamu mbili. Mkisema bajeti ya samani imekwisha, msijali: meza na kiti vitatoka Chaani, kuna mafundi wazuri sana kule. Nyinyi tupeni tu ruhusa ya kuvipitisha mlangoni.